Thelathini za Mzee Sultani

Benchi letu lipo mbele ya duka la kushonea la Mzee Sultani, hapa Kamembe, barabara inapoanza kuteremka kuelekea mpakani. Miaka yote tulikaa hapo tukimsikiliza akisimulia huku ameshika pini kwa midomo. Mwezi wa pili kiharusi kilimwangusha juu ya cherehani yake. Mkono wa kulia ukarudi nusu, maneno yakarudi robo, koo halikurudi. Sasa anakula kwa mrija unaopita puani, umebandikwa shavuni kwa plasta. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, ambaye hapa tunamwita kine, alikuja kutufundisha sisi wa benchi, kwa kuwa mke wa mzee, Maman Feza, yuko sokoni mpaka adhuhuri. Mdomo wa mzee ulowanishwe kwa kitambaa. Abane ulimi kwenye kaakaa, ainamishe kidevu, ameze mate kwa nguvu zote kama anayemeza jiwe. Mara thelathini kila asubuhi, nasi tuhesabu. Alhamisi atajaribiwa kwa kijiko cha uji mzito. Uji ukishuka tumboni, mrija utatoka. Ukienda mapafuni, atapelekwa Kigali, atobolewe tumbo, chakula kipitie hapo. Leo ni Jumanne.

— Tuanze, alisema Saruji, aliyefanya kazi ya simenti Bugarama mpaka nyusi zake zikabaki na rangi ya kazi. Papa Sultani, funga mdomo. Kidevu chini. Haya!

Kikoromeo cha mzee kilipanda, kikasita, kikashuka.

— Moja. Tena. Mbili. Tena, papa. Tatu.

— Ile ya tatu haikuwa ya tatu, alisema Injini, fundi wa mashua za wavuvi wa Nkanka. Alikohoa.

— Alisafisha koo.

— Kukohoa si kumeza. Pompi ikirudisha maji, utasema imevuta?

— Sasa tuko kwa ngapi?

— Mbili na nusu.

— Kine alisema thelathini, hakusema nusu, alidakia Bariyeri. Jina lake ni Ndizeye, lakini amebeba mizigo ya watu kwenye kizuizi cha daraja la Rusizi ya Pili miaka kumi na minane, na kwake kila kitu ni mpaka. Hesabu ikiharibika, tunarudi kwa mwanzo. Njo sheria.

Wiki mbili nzima hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mzee alifumba macho, akayafumbua.

Patricie, mwenye kahawa, alimiminia kila mmoja, na kikombe kimoja akakiweka mbele ya Sultani. Hapa kwetu hakuna anayeketi bila kikombe mbele yake, hata kama hawezi kunywa. Chake hupoa, kisha humwagwa. Siku moja Injini alimwonea huruma, akampa tone. Tulikaa siku sita tukingoja homa ya mapafu imwachie.

— Moja, alisema Saruji.

— Muko munahesabu bure, alisema Bariyeri. Koo ni mpaka. Iko na njia mbili, ya tumbo na ya mapafu. Pale kati kuna muntu wa bariyeri. Uji ukikuya, anafunga ya mapafu. Sasa kiharusi kimemulalisha yule muntu. Mizigo inapita fasi yoyote.

— Basi mazoezi yanamwamsha, nilisema.

— Mwalimu, umeshaona muntu wa duwane, yule wa ushuru, anaamka juu ya mate? Mate ni ya mwenyeji, haina karatasi. Anaamka akiona kintu ya kigeni.

— Kama nini?

— Sambaza. Mbichi, ikiwa nzima, imetoka mu Kivu sasa hivi. Ile samaki inajua kuogelea. Itatafuta njia yenyewe.

— Na ikikosa njia?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sultani alitikisika kwa kicheko, na kicheko kikamletea kikohozi. Tulimshika mabega mpaka kikapita.

— Tulikuwa kwa ine, alisema Injini.

— Kwa tano, alisema Saruji. Nilihesabu kwa vidole, lakini nilitumia mkono kumushika.

— Tunarudi kwa mwanzo, alisema Bariyeri.

Mzee aliinamisha kidevu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso, na jua lilikuwa bado upande wa pili wa barabara.

— Kidevu chini njo kosa, alisema Injini. Mafuta ya motere, unaimwanga ukiwa umepindua motere? Ng'ombe unamupa dawa ukimuinulia kichwa.

— Kine alisema akiinua kichwa, njia ya mapafu inabaki wazi, nilisema.

— Kine hajakuwa ng'ombe.

— Na weye ulikuwa ng'ombe siku gani? aliuliza Patricie.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Saruji.

— Uji uko mvunguni?

— Minasema tu. Mimi kile kinaniogopesha ni kingine. Minaona tunamumaliza koo. Bandu bandu huisha gogo. Kila siku thelathini, kila siku thelathini! Koo ya muntu iko na hesabu yake tangu tumboni mwa mama. Tukiimaliza kwa mate, siku ya uji atameza na nini?

— Hesabu hiyo umeitoa wapi?

— Bugarama. Kulikuwa muzee mumoja mulimaji wa muchele, alikuwa anakula mbio-mbio maisha yote. Alifika miaka makumi sita, koo ikasema basi.

— Alikufa?

— Aliama kijiji. Lakini aliama akiwa amekonda.

Sultani alimeza. Nadhani alimeza. Nilikuwa namtazama Saruji.

— Bote munadanganyika, alisema Injini, na sasa alikuwa amesimama. Ni pini! Muntu anaweka pini mu kinywa miaka makumi tatu, na hata moja isishuke? Moja ilishuka, akanyamaza sababu ya heshima ya kazi. Iko pale, imeshikilia mulango. Mi niko na sumaku ya spika kubwa. Tunaipitisha hapa shingoni, polepole, kutoka chini kuenda yulu.

— Na akiwa na msumari? aliuliza Patricie.

— Utatoka pia.

— Dokta alipiga picha ya kichwa, nilisema. Alituonyesha fasi ambapo damu ilikosa kufika. Hakukuwa na pini.

— Alipiga picha ya kichwa. Pini iko shingoni.

Injini akaketi kama mtu aliyeshinda kesi.

— Mimi minaona anachoka sababu anameza peke yake, alisema Bariyeri kwa sauti ya chini zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tumeze sisi bote pamoja. Koo yake itaona aibu, itafuata.

Tulinyanyua vikombe, tukameza. Mzee alitazama vikombe vikipanda na kushuka. Kisha akainamisha kidevu, akameza, akapumua, akameza tena, shingo ikitetemeka kama kamba iliyobeba mzigo kuliko kiasi chake.

— Hiyo ilikuwa ya ngapi? aliuliza Saruji.

— Ipi?

Siwalaumu. Mtu anayempenda mgonjwa hutamani kumfanyia jambo kubwa kuliko kuhesabu mate. Mimi nami nilikuwa na vidole kumi, na vyote vilikuwa vimeshika kikombe.

Maman Feza alitokea upande wa soko, kikapu kichwani. Ilikuwa saa tano tu.

— Karibu, Maman Feza, alisema Patricie. Umefunga meza mapema?

— Nimemwachia Mukantabana wa meza ya pili. Roho haikutulia.

Alimtazama mume wake kabla ya kutusalimia. Plasta ya shavuni ilikuwa imelowa jasho, imeanza kubanduka.

— Leo amemeza mara ngapi?

Bariyeri alimtazama Saruji. Saruji alimtazama Injini. Injini alitazama barabara.

— Tuko kwa mbili, alisema Saruji mwishowe.

— Mbili tangu saa tatu?

— Hapana, maman. Mbili ya sasa. Mbele ya ile kulikuwa tano. Ao ine. Na mbele ya ile...

— Hesabu ikiharibika tunarudi kwa mwanzo, alisema Bariyeri. Tulitaka ifike thelathini ya kweli.

— Na jana ilifika?

— Jana ilifika kumi na moja.

— Juzi?

Bariyeri alianza kusugua goti lake.

— Sikukuja kugombana na muntu, alisema Maman Feza, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli, haikuwa na ugomvi ndani yake. Munamupenda, mi najua. Lakini keshokutwa, mbele ya kumupa kijiko, kine ataniuliza: koo imefanya kazi, ao haikufanya? Imefanya kidogo, ao tumeichosha? Nimujibu nini?

Patricie aliinamisha chupa ya kahawa. Haikutoka hata tone.

Mzee Sultani alifungua mdomo. Tulingoja. Siku hizi neno humjia kutoka mbali.

— Mara mingi, alisema.

Maman Feza alitua kikapu. Hakumuuliza tena. Alimpangusa jasho kwa ncha ya kitenge, akairudisha plasta mahali pake, akaibonyeza kwa kidole gumba. Kisha akachuchumaa mbele yake, akamwekea vidole viwili kwenye koo, kwa wepesi, kama kine alivyotufundisha sisi kuhesabu siku ile ya kwanza, tukaitika kwa kichwa na kusema tumeelewa.

— Moja tu, papa. Nataka nione na macho yangu. Kisha tunaenda ulale.

Mzee alibana ulimi, akainamisha kidevu. Kikoromeo kilipanda chini ya vidole vya mkewe, kikasita hapo juu kwa muda mrefu, kikashuka.

Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusema moja.