Sweta ya Mtoto wa Wangui

Sogeeni hapa, wanangu, na mlango mfunge, maana sitaki wale wa chumba cha pili wasikie ninavyowagombeza. Makokha, keti kwenye sanduku. Truphosa, mkaza mwanangu, acha kujifanya unakoroga uji. Uji umeiva zamani. Keti. Nimekaa kimya nikilishwa na kufunikwa kama mtoto, lakini leo nina hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoniinua kwenye huu mto.

Mali yangu haitawachosha. Ng'ombe mwekundu aliye kwa mjomba wenu Kimilili ni wa Makokha, na ndama wake ni wa mjukuu wangu Naliaka, asije mtu kusema msichana hana ng'ombe. Sufuria kubwa ni ya Truphosa. Sindano zangu za kufumia nitazisemea baadaye, kwa kuwa hizo ndizo zimenifanya niwaite.

Makokha, wewe ulilelewa miguuni mwa wamama wa Jumamosi. Baba yako alipoandikwa kazi ya reli tukahamia landi hizi za Nakuru, vyumba vya wafanyakazi wa reli, sikujua jirani anaongea nini. Adero alikuwa na Kijaluo chake, Jerop mwuza maziwa na Kikalenjin chake, Wangui mke wa seremala na Kikikuyu chake, nami Kibukusu changu, na Kiswahili chetu sote kilitosha kuombea chumvi tu. Tulielewana kwa sindano. Ikisikika fulani ana mimba, Jumamosi tunaketi nyuma ya bomba la maji, huyu anafuma mgongo wa sweta, yule mkono, mwingine kofia, na mwenye mimba mwenyewe haruhusiwi kugusa hata uzi; kazi yake ni kunywa chai na kuchekwa alivyonenepa. Jerop alikaza nyuzi mno, mkono wa sweta aliofuma ungeweza kusimama wenyewe mezani, nasi tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Sijapata raha nyingine kama ile, hata kanisani, Mungu anisamehe.

Kisha ikaja zamu ya Wangui, na Hali ya Hatari ya serikali ya Wazungu ikaja nayo. Sweta ya mtoto wake, ile ya manjano, ilikuwa imebaki vifungo tu asubuhi ile askari walipopita wakiwatoa Wakikuyu vyumbani na kuwapakia kwenye lori. Mimba yake ilikuwa imekaribia kabisa. Nilikimbia nayo sweta mkononi, askari akanizuia kwa bunduki, na Wangui akanisemesha kutoka juu kule: "Usimpe mtu, Nabalayo. Nitakuja kuichukua mwenyewe."

Nikaitika. Mlinisikia mkiwa mmesimama pale mlangoni, Truphosa ukiwa na tumbo kama lake, na mwezi uleule ukamzaa Naliaka. Ndiyo sababu kila mwaka, baridi ikikaribia, tulimpima Naliaka, tukaifumua ile sweta, tukaongeza uzi na kuifuma tena kubwa zaidi. Mtoto hukua popote alipo, hata kama hatumwoni. Mzee wa landi alikuja kutuambia mikutano imepigwa marufuku. Adero akamwuliza kama anataka kofia, naye mzee akaondoka. Hatukuacha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana pumzi inanipungukia. Juzi mliniwekea mtoto wenu mchanga kifuani, na kichwani ana kofia, na miguuni soksi, za manjano ile iliyofifia. Nilidhani homa ndiyo inanichezea macho. Nikaagiza sanduku lifunguliwe, na sweta haikuwemo. Truphosa, ulitazama chini. Halafu ukaniambia maneno ambayo yamenichoma mpaka leo: "Mama, mtoto wa Wangui alikufa zamani. Kila mkimpima mwanangu, mnampima kwa ajili ya maiti, ndiyo maana surua ilitaka kumchukua."

Nani alikuletea habari za kifo hicho? Ulilia matanga ya nani? Surua iliingia landi nzima, ikamwua mtoto wa jirani ambaye hatukuwahi hata kumshika mkono, ikamwacha Naliaka tuliyempima kila mwaka. Mbona hilo hulihesabu? Nawe Makokha, mwanamume mzima, ulikaa hapo hapo ukaongeza kwamba wale hawarudi, na kwamba kazini unatiwa aibu kwa ajili ya mama anayefumia Wakikuyu. Aibu! Umekunywa chai ya Wangui zaidi ya maziwa yangu. Kitanda hiki ninachofia ni mumewe aliyekipigilia misumari.

Chumba chake amepewa mwingine, sawa. Nyundo za mumewe zimeuzwa na watu wasiomjua, sawa. Hayo yalifanywa na wenye bunduki, nasi hatukuwa na la kufanya. Lakini sweta ilikuwa mikononi mwetu. Hakuna askari aliyeingia humu kuifumua. Ni sisi. Ni nyinyi, tena mchana, mkiwa mmeshiba.

Nipe maji. Basi, yatosha.

Usimvue mtoto kofia, Truphosa. Naona mkono wako unaenda huko. Mwache, yeye hana hatia, na baridi ni ile ile kwake. Uzi upo. Upo hapa mwilini mwangu. Sweta hii niliyovaa wamama walinifumia mume wangu alipokufa, na ni nzima. Nivueni. Makokha, usinitazame hivyo, nitafunikwa blanketi, na kesho kutwa sitahitaji hata hilo. Nivue polepole, mkono huu unauma. Haya. Fumueni kuanzia chini kwenye pindo, mkunje uzi, mwoshe, muanike, kisha mfume upya ile ya mtoto wa Wangui.

Sindano ni zako, Truphosa. Umeshtuka? Ulidhani nitampa Adero ili nikukomoe. Nakupa wewe kwa sababu wewe ndiye uliyefumua, na kwa sababu unafuma vizuri kuliko Jerop, usimwambie. Jumamosi nenda ukaketi mahali pangu. Watakununia kidogo. Vumilia, watachoka, watakupa chai. Ukishindwa kwenda, basi hizo sindano zitupe mtoni, usizitumie kuchokoa meno mbele ya watu wangu.

Akija Wangui asikute mnatafutana macho. Akija mtoto peke yake, mwambieni alikuwa na nyanya hapa. Na kama hatakuja yeyote, mtaifuma tena mwaka ujao. Mungu awape watoto wasiohesabiwa na watu walioshiba kuwa wamekufa. Awape jirani. Makokha, akupe... akupe uso wa kumtazama yule seremala.

Hasira imeisha. Sasa nimechoka tu.

Mwiteni Naliaka. Njoo, mama yangu mdogo, simama karibu na kitanda, nyoosha mkono wako mbele, hivyo. Mimi siwezi tena kushika uzi wa kupimia. Truphosa, sikulazimishi, mtoto ni wako. Lakini naomba.

Unalia? Lia, ila usilowanishe uzi, utavutika. Anzia begani. Pitisha kwenye kiwiko. Umefika... umefika wapi? Sioni vizuri, niambie.

Kifundoni. Amekua, kumbe. Wote wawili wamekua.

Ongeza vidole viwili, mwanangu, ndipo ukate.