Istikhara Nisiyoiswali

Assalaam alaykum ndugu zangu, mama zangu, mnaosukuma na mnaosukumwa. Leo nimeomba kusema mie. Skuli niliishia darasa la tatu, kwa hivyo maneno yangu yatakwenda huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba, mtanivumilia. Nimeyaandika kwenye daftari nisije nikayaruka yale yanayoniuma.

Kikundi chetu hichi cha hapa Ole ni cha walioanguka mikarafuu na jamaa wanaowauguza. Miaka mitatu nimekaa pale nyuma karibu na mlango, nasikiliza. Huyu tawi lilimkatikia, yule kamba ilimponyoka. Mie sijaanguka mkarafuu. Ndugu zangu, nawaambieni kweli, mie nilimwangusha mtu. Jina lake silitaji, na mwenyewe kaniruhusu niseme.

Kazi yangu ilikuwa uwanja wa ndege. Ndege ikishatua, mie ndiye niliyesimama mbele yake na vibao viwili vyekundu. Njoo, njoo, kushoto kidogo, njoo. Vibao vikikutana juu ya kichwa, maana yake simama. Siku ya kwanza niliikimbia ile ndege nikaacha kiatu kimoja, abiria wakacheka mpaka wakasahau mizigo yao. Lakini nikazoea, na nikapenda. Nyumbani mie ni mzee wa kutumwa chumvi dukani. Pale chuma kizima, na rubani aliyesoma nchi za watu ndani yake, kilikuwa kinanitii. Lishikeni hilo, ndilo lililonila.

Kulikuwa na rubani mmoja mtu mzima, mwenyeji wa bara, nikimwita Kapteni. Akishazima injini hufungua kidirisha: "Mzee, leo nimetua au nimeanguka?"

"Umetua, Kapteni, ila kuku wote wa Ole wameacha kutaga."

Basi yakaja yale maradhi ya dunia nzima, ndege zikasita. Zilipoanza tena zilikuja chache. Kampuni ikawarudisha watu majumbani, likizo bila malipo, mpaka watakapoitwa. Marubani wawili wadogo wakaenda. Kwetu akaenda msaidizi wangu, mtu wa watoto wanne, niliyemfundisha vibao mwenyewe. Halafu sisi wazee tukapewa karatasi. Anayetaka kustaafu kabla ya wakati wake atie saini, na kila mzee atakayetoka, mmoja wa walioko nyumbani ataitwa. Tulipewa miezi mitatu ya kufikiri.

Kapteni aliisoma yake chini ya bawa, tukiwangoja abiria. Alikaa juu ya begi la mtu.

"Mzee, kurusha ndege ndicho kitu pekee ninachokijua. Nikitoka hapa nitafuga kuku, na kuku nawaogopa."

"Basi usitie saini."

"Na wale vijana? Rubani akikaa chini muda mrefu mkono unasahau, lazima apimwe upya. Mmoja ameshaanza kuuza mitumba. Nikiking'ang'ania kile kiti, namkalia mtu."

Akafuta macho, akasema vumbi. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Akatia saini pale pale, karatasi kaiegemeza kwenye tairi.

"Na wewe?"

"Nafikiri."

"Fikiri, lakini usifikiri mpaka mwenzio azeeke."

Yangu mie niliitia mfukoni mwa kile kizibao changu cha kung'aa. Kila siku nikawa nakivaa, na karatasi imo ndani yake.

Msaidizi wangu akaja nyumbani. Akasalimu, akakaa, tukazungumza habari za muhogo na nguruwe pori. Mwisho akauliza kwa adabu, "Na ile karatasi, Mzee wangu?"

Na mie, ndugu zangu, neno likanitoka mdomoni: "Bado naiswalia istikhara."

Mnajua wenyewe. Mtu yuko katika istikhara, anamuomba Mola wake amuonyeshe lenye kheri, nani atamharakisha? Akainamisha kichwa. "Basi Mzee wangu, Mungu akuonyeshe kheri." Akaja mara ya pili, nikamjibu yale yale. Mara ya tatu hakuuliza, aliniletea muhogo tu, akanitizama, akaenda zake.

Na mie hata rakaa moja sikuswali. Mbele ya Mungu nasema, hata moja. Niliogopa kuiswali, nisije nikajibiwa.

Mavuno ya karafuu yakafika. Yule hakuwa mchumaji, mikarafuu aliiacha utotoni, lakini nyumbani hamna kitu na aliyemtegemea bado "anaswali". Akapanda.

Siku ile nilikuwa naipokea ndege. Kwenye kiti alikuwa yule rubani wa mitumba, aliyeitwa kwa saini ya Kapteni. Nilimwona nyuma ya kioo anacheka peke yake, namna alivyofurahi kurudi. Akafungua kidirisha.

"Mzee! Kapteni anakusalimu. Anasema jogoo kamfukuza mpaka chumbani. Anauliza, umeshaamua?"

Sijafungua mdomo, akaja mwenzetu wa mizigo anakimbia, simu mkononi. "Mzee, mwenzetu kaanguka mkarafuu. Yuko hai, ila miguu haisikii."

Vibao vilinitoka mikononi. Sijui nani aliviokota.

Hospitali nilimkuta mkewe kakaa chini barazani, vidole vyake bado vinanuka karafuu. Nikaanza kumpa pole, akanikatiza. Hakunikatiza kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniua.

"Baba, wiki iliyopita nilitaka nije nikuombe utie saini. Yeye akanikataza. Akasema, tusimsumbue Mzee, yuko kwenye istikhara."

Nikatoka nje, nikaitoa ile karatasi mfukoni.

Saini niliitia jioni ile ile. Ya nini tena? Kwenye nafasi ile akaitwa mwengine, na ni haki yake, simlaumu. Nikastaafu, na hapo ndipo nilipoanguka mie. Jamaa wakisema mzee kazikumbuka ndege zake. Laiti! Msikiti niliuacha, nikiswali chumbani peke yangu, na kila nikisujudu nasikia lile neno la yule mwanamke. Ndege ikipita juu najifunika shuka. Nilikonda mpaka kofia ikawa inanishukia machoni.

Mtu wa kwanza kumwambia ni Kapteni, alipopiga simu kunijulia hali. Nikamtolea yote. Kwanza niliwasikia kuku wake tu. Halafu akasema, "Mzee, mimi unaniambia ya nini? Mimi sikuanguka. Nenda kamwambie yeye."

Nilikaa siku tisa na neno hilo. Ya kumi nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta kalazwa kwa ubavu, uso umeelekea ukutani. Labda hivyo ndivyo nilivyoweza kusema. Nikasema yote, muhogo, karatasi, istikhara. Hakugeuka. Hakuweza kugeuka.

"Kumbe hata rakaa moja?"

"Hata moja."

Mkewe akachukua ndoo akatoka nje.

"Ungeniambia hutaki, Mzee wangu. Ningekasirika. Ningekutukana pale njiani watu wakasikia. Lakini ningekwenda Shumba kwa mjomba, alinitafutia kazi kule. Sikwenda. Nilikungoja wewe."

Nikabaki nimesimama, mtu mzima na fimbo yake. Baadaye sana akasema, "Nigeuze basi. Ubavu huu unaniwaka."

Nikamgeuza. Kesho yake nikaja tena nikamgeuza. Tangu hapo kila asubuhi niko pale, namsaidia mkewe kumkosha, kumvisha, kumpandisha kwenye kiti cha magurudumu. Miguu haijarudi, na daktari katwambia tusijidanganye. Kunisamehe, hajaniambia kuwa kanisamehe, na mie sijathubutu kumuuliza. Huniambia tu, "Kesho usichelewe."

Pale kwao njia ni mbaya, mizizi na mashimo. Yeye husukuma magurudumu mwenyewe, hataki kushikwa. Basi mie natangulia kinyumenyume, mikono juu, njoo, njoo, kushoto kidogo. Watoto wa skuli hucheka. Anasema mie sikustaafu, nimebadilisha ndege tu.

Namshukuru mkewe, aliyenifungulia mlango hali alikuwa na haki ya kunifungia. Namshukuru Kapteni kwa kukataa kunipoza. Nakushukuruni nyinyi, mlioniacha nikae mlangoni miaka mitatu bila ya kuniuliza nimeanguka wapi.

La kukuachieni ni hili. Mwenzio akiwa anakungoja, mpe neno lako. Kama ni ndiyo, ndiyo, na kama hutaki, mwambie sitaki, akutukane, akatafute pengine. Usimfungie njia kwa jina la Mungu. Mie nilikuwa na jibu langu tangu siku ya kwanza, nikamwachia Mola alaumiwe kwa kuchelewa. Na kustaafu wala si mauti, kumbe, ni shati tu unavua. Kapteni wa watu anaishi, na jogoo wake. Nilikuwa na mengine kuhusu huyo jogoo, kuna siku alipanda juu ya...

Haya. Namwona pale mlangoni mwenyewe, juu ya kiti chake cha magurudumu, kanyanyua mikono. Imekutana juu ya kichwa.

Nimesimama.