Kamba Yenye Mafundo Saba

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjamwaga maji mliyosuzia kikombe, subirini kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Stéphanie Kabedi, mlinzi wa kisima. Amefariki hapa Kolwezi, mwezi huu wa kumi, akiwa na miaka sitini na mitatu. Mlinzi wa kisima: kazi hiyo hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe.

Alizaliwa Kisenge, akaolewa Kolwezi, akauza unga wa mihogo sokoni. Na kila Jumamosi alishusha kamba katika kisima cha mtaa. Ilikuwa na mafundo saba, na jiwe kwenye ncha. Jiwe likigusa chini, aliivuta, akahesabu mafundo yaliyoloa. Zamani, mwisho wa kiangazi, yaliloa matano. Kisha mvua zikaanza kuchelewa. Yakawa matatu. Yakawa mawili.

Vijana wa mtaa wake ni wachimbaji wa shaba na kobalti. Mshipa wa madini ukizama ardhini, wao huufuata chini. Basi na maji wakataka kuyafuata hivyo hivyo. Mechack, mkubwa wao, akaingia kisimani na sururu.

"Mechack, acha," Mama Kabedi alimwambia. "Maji haiko kobalti. Ukiifuata, inakukimbia."

"Mama, weye uzisha bunga yako. Kuchimba, utuachie shiye!"

Siku ya pili sururu ilitoboa udongo mzito uliokuwa umeyashika maji. Yote yakazama. Mwaka mzima akina mama walibeba ndoo kutoka mtoni, maji yenye rangi ya kutu.

Mama Kabedi hakumtukana mtu. Aliichukua kamba yake, akaitandaza juu ya meza ya shefu, mkuu wa mtaa. Alifukuzwa mara nne. Mara ya tano sheria ya mtaa ikaandikwa. Kisima kisichimbwe zaidi. Kipumzike kuanzia saa nane mchana. Na kila kiwanja kiwe na shimo la kuinywesha ardhi maji ya mvua.

Mashimo hayo ayachimbe nani? Mama akamgeukia Mechack.

"Weye unajua kuchimba, hapana?"

"Mama, unanicheka?"

"Ninakucheka kabisa. Kamata sururu."

Mechack aliziba kwanza tundu la kisima kwa udongo wa kufinyangia, akiukanyaga kwa miguu yake. Kisha akachimba mashimo, kiwanja kwa kiwanja. Misimu mitatu ya mvua ikapita.

Binti wa Mama Kabedi, Noëlla, anatuambia: "Jumamosi ya mwisho alikuwa hana tena nguvu. Aliniuliza tu, 'Leo mafundo ngapi?' Nikatoka kupima. Hata sijafika ku kisima, baliniita nirudie: Mama amekwisha kufa."

Wasikilizaji wapendwa, mnajua kilio cha msiba kinavyotaka maji: bukari, ugali wetu, ya kupika, watu wa kunawa, wageni wa kunywesha. Na mvua hazijafika. Familia iliogopa aibu. Lakini siku tatu ndoo zilishuka, ndoo zikapanda zimejaa, na saa nane kisima kilifunikwa, kilio au si kilio. Sheria ni yake.

Siku ya tatu Mechack alishusha kamba. Akaivuta polepole, akalia mbele za watu.

Pole Noëlla. Poleni familia yote ya Kabedi. Nasi tuliobaki tujiulize: kisima chetu tunakipima, au tunakichimba tu?

Mama Kabedi, uliuliza ukaondoka bila jibu. Ni matano, Mama. Yameloa matano.