Melvina Trapp na Mlango Ulioshikwa na Hewa

Mchungaji amenitia karatasi mkononi niwasomee historia ya mdogo wangu, kana kwamba wajukuu wote tuliowasomesha wamekuwa mabubu, nami niliyeishia darasa la pili ndimi msomaji, basi nimeiandika mwenyewe, asiyeipenda atoke nje akapunge upepo.

Marehemu Melvina Trapp alizaliwa katika kijiji cha pwani cha Kaukira tarehe 3 Machi 1958, akasoma shule ya kanisa hadi darasa la sita mwaka 1971, akafunga ndoa na mzamiaji Eligio Waldan tarehe 14 Juni 1980, wakajaliwa watoto wawili, Norlina na Sixto. Mwaka 1989 Eligio aliibuka kutoka kuzamia kamba koche akiwa amepooza, sote tukasema kapigwa na Liwa, yule mwanamke wa majini anayewaadhibu wanaomwibia kamba wake, tukamfukiza majani siku tisa, akafa, na waliochuma majani hayo mmojawao ni mimi.

Mwaka 1992 Melvina aliajiriwa kufua mashuka katika kliniki yenye chumba cha chuma, ambamo mzamiaji aliyepooza hufungiwa, akasukumiwa hewa kama aliyerudishwa kilindini, kisha hupunguziwa polepole hadi mapovu ya hewa yanayompoozesha yaishe damuni. Alijifunza kwa kuchungulia, daktari akachoka kumfukuza akamfundisha, na kufikia 1998 vali zote zilikuwa mikononi mwake.

Tarehe 17 Oktoba 2006 walikuja wageni wa serikali na wenye meli kutembezwa humo, Melvina akiwaonyesha saa za kupimia hewa, mara akaletwa Sixto juu ya ubao, miguu imekufa, baada ya kuzamishwa kwa mitungi ya hewa kumi na minne kwa siku moja katika meli ya Kapteni Alston, naye Kapteni yumo kati ya wageni, kavaa viatu vyeupe. Mhudumu wa kuketi ndani na mgonjwa alikuwa na mafua, na mwenye mafua haingii, masikio hupasuka.

“Mama, huyu kapigwa na Liwa,” akasema Kapteni, “na Liwa haogopi sufuria.”

“Ingia basi ukamwambie mwenyewe,” akajibu marehemu.

Wageni walicheka, Kapteni akaona haya kukataa, akaingia. Haikufika nusu saa akapiga simu ya ndani akilia afunguliwe.

“Mlango umeshikwa na hewa, si na mimi, na nikiitoa sasa mtaharibika wote wawili. Mpe mwanangu maji.”

Katika saa ya nne ya matibabu Sixto alichezesha kidole gumba cha mguu, Melvina akakiona kupitia kioo, akaendelea kuzungusha vali mpaka dakika ya mwisho.

Figo zilimsumbua tangu 2019, akafariki tarehe 11 Juni 2021 saa mbili asubuhi. Tunawashukuru madaktari, majirani walioleta mihogo na samaki, na wenzake wa kliniki. Pumzika, Melvina, kwa amani uliyoitolea jasho.

Kapteni Alston yupo pale nyuma. Baada ya siku ile wazamiaji waligoma kupanda meli yake mpaka alipokubali sharti la marehemu, kwamba kila atakayepooza melini mwake, Kapteni mwenyewe ataketi naye ndani na kumshikia chupa ya mkojo, ameketi mara thelathini na moja, Alhamisi, na mzamiaji ambaye bado anatibiwa, ni ya thelathini na mbili, na atakayemfungia mlango ni Sixto, mshika vali wa sasa, ambaye leo amebeba jeneza la mama yake kwa miguu yake miwili.