Baiskeli Moja, Nyumba Kumi na Nne

Bwana Hartnell, mwenye shamba hili, Memsaab, Mheshimiwa Mchungaji, nyapara wetu Kipkoech, ambaye leo ametuona tumekaa saa za kazi na hajafoka, na ninyi wenzangu wa pareto na ng'ombe, hamjambo.

Mimi Kemboi nimekuwa karani hapa Keringet miaka ishirini na sita, na leo nastaafu. Bwana amenisifu kwamba sijawahi kukosea hesabu. Sifa tamu, lakini namwomba airudishe mfukoni.

Mnakumbuka mwaka wa arobaini na tisa, alipoletwa mtaalamu kupima nani anacho na nani hana? Tulidhani anahesabu mbuzi ili waliozidi tunyang'anywe, tukawaficha msituni, hata sufuria tukazika. Akaandika kwamba sisi ni maskini wa kutupwa. Mwaka huu wa hamsini na saba amerudi kuona kama hali zetu zimepanda, na safari hii uvumi ulisema mwenye mali atajengewa nyumba ya mabati. Nani basi angekubali kuonekana hana? Baiskeli ya Makokha, dereva wa trekta, ilipitishwa kwa siri nyuma ya nyumba, kutoka moja hadi nyingine, ikahesabiwa mara kumi na nne, na mtaalamu akashangaa kwamba sote tunafunga kiti kwa kamba ya katani. Mimi niliyekuwa naandika nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa.

Ripoti ikasema utajiri umeongezeka ajabu, na pengo kati ya aliye juu na aliye chini limezibika kabisa. Lingekosaje kuzibika, ndugu zangu, ikiwa sote tuna baiskeli ileile?

Kicheko kiliniisha jana. Bwana aliniagiza niandike tangazo: kwa kuwa hali zenu ni nzuri, posho ya unga itapunguzwa nusu kuanzia mwezi ujao. Katika ripoti, mama Chepkorir ana baiskeli. Nyumbani kwake kuna watoto watatu na gunia moja la kujifunika. Naona aibu.

Bwana, tangazo sikuliandika. Ripoti ina saini yangu, na nakiri mbele ya Mchungaji kwamba ni ya uongo. Bahasha ya kiinua mgongo changu bado iko mkononi mwako, ukiizuia, sitanung'unika. Ila kabla hujagusa unga, amuru kengele ya kazi ipigwe sasa hivi, kila mtu asimame mlangoni pake na vyake vyote, wote kwa wakati mmoja, kisha uhesabu mwenyewe.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Makokha, shika baiskeli yako, usimpe mtu.