Bi. Ndila na Mbawakawa wa Katikati

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa wadudu hapa Kitui, Bi. Ndila Mutiso anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alikuwa amebakisha miaka mitatu, lakini macho yamekataa.

Aliajiriwa kuosha chupa za maabara, akasoma polepole hadi akawa mtaalamu wa kuainisha wadudu. Kituoni kulikuwa na masanduku mawili ya mbawakawa wa ardhini, wale weusi wanaokimbia chini ya majani makavu. Wa Matinyani walikuwa na shingo pana na mgongo uliofifia. Wa Emali walikuwa na shingo nyembamba na mgongo unaong'aa. Wakubwa waliandika kuwa ni spishi mbili. Bi. Ndila alisema ni moja, inayobadilika kidogo kidogo kufuata udongo na mvua. Wakamwambia alete wa katikati, wenye sifa za pande zote mbili.

Kwa miaka minne yeye na dereva wetu, Mzee Kisilu, walifukia vikombe vya plastiki vya kunasia wadudu kila kilomita kumi, kutoka Matinyani mpaka Emali. Mwanzoni Mzee aliwashika wadudu kwa kijiti. Mwaka wa pili alikuwa akibishana na wataalamu kuhusu shingo. Siku moja pale Emali, Abdiya, mwenye hoteli ya chai, alifungua mkebe wao akidhani ni sukari. Harufu ya mbawakawa waliokasirika iliwatoa wateja wote nje.

Mwaka 2011 Mzee Kisilu aliugua figo. Bi. Ndila alimtembelea hospitalini kila Jumapili baada ya ibada. Mara ya mwisho Mzee alimwita mama kwa Kikamba, akauliza, "Mwaitu, wale wa katikati wameonekana?"

"Bado, Mzee. Tutaenda ukipona."

Tulimzika wiki iliyofuata. Mvua za Novemba ziliponyesha, vikombe vitatu karibu na mji wa Wote, ulio kwenye njia hiyo, vilikuwa na mbawakawa wenye shingo ya Matinyani na mng'ao wa Emali. Bi. Ndila alikaa kando ya shimo akalia mpaka jua likawa kali.

Ripoti ilipoandikwa, alitaka jina la Kisilu litangulie lake. Mkubwa mmoja alisema dereva si mwanasayansi. Bi. Ndila alikataa kutia sahihi kwa wiki tatu, hadi jina likawekwa. Leo spishi hiyo ni moja, yenye maumbo matatu ya kimaeneo.

Machi mwaka huu aliweka wa Emali kwenye sanduku la Matinyani. Kosa aliligundua mwenyewe, kwa kupapasa. Alikuja mezani kwangu akasema, "Syokau, nikiendelea nitaharibu kazi."

Bi. Ndila, asante kwa subira yako na kwa kutufundisha kutazama mara mbili. Tunakuacha uende huku mioyo ikiwa mizito. Mungu akutunze kwako Matinyani, siku zako ziwe nyingi na njema, na ukitukumbuka, uje tunywe chai.