Ghorofani kwa Mama Tangazo

Chini ya ngazi za jengo la ghorofa moja, kati ya chumba cha kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli, kuna benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja umekalishwa juu ya tofali. Ndicho kijiwe chenyewe. Asubuhi wanakaa wale wale: Mkasi, kinyozi ambaye hunyoa akikumbuka, Jaji, aliyekuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu anahukumu kila kitu, hata mvua, na Bi Birika, mwenye kahawa, ambaye husikiliza tu mpaka upuuzi uzidi. Siku hizi kuna mtu wa nne. Anaitwa Safari, dereva wa lori, ambaye zamani alionekana hapa kwa nadra, mkoba begani, akipanda ngazi mbili mbili kwenda kumsalimia mkewe. Sasa hapandi. Mkewe wamemzika majuzi, na yeye amekaa pale chini kikombe kikimpolea mkononi.

Mkewe ndiye aliyekuwa Mama Tangazo. Alianzia kwenye meza ya jikoni, na kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikipata moto kama pasi, akiwatengenezea wenye maduka matangazo ya kuweka mtandaoni: picha, video fupi, maneno machache ambayo mtu akiyasoma anacheka kwanza, kisha anakwenda kununua. Wateja walipomzidi akapanga chumba ghorofani. Akaajiri mchoraji, akaongeza mpiga video, akaongeza mtu wa kuandika. Safari aliiona kampuni hiyo ikikua kwa njia ya simu. Akiegesha lori jioni, mahali popote pale, mkewe alimhadithia nani amekuja leo, nani amenuna, tangazo gani limependwa na watu. Yeye alikuwa akilala na hadithi hizo kichwani.

Asubuhi hii kijiwe kizima kilikuwa kinasubiri jambo moja. Mwenye duka la viatu, mteja wa kwanza kabisa wa Mama Tangazo, alikuwa amepanda ghorofani kuangalia kazi ambayo vijana walikuwa wameifanya wenyewe, bila mama yao. Wateja wengine walishaanza kuondoka, mmoja mmoja, kwa adabu. Huyu akibaki, kampuni inapumua.

— Atakubali, Mkasi alisema. Mimi hiyo video nimeiona. Kiatu kinatembea chenyewe, hakina mtu ndani!

— Kutembea si hoja, Jaji akamkata. Hoja ni nani amekaa kwenye kiti. Wateja wanakimbia kwa sababu wakifika juu hawakuti bosi. Wekeni mtu mnene, mwenye tai, akae dirishani. Hata asiseme neno.

— Mtu wa kukaa asiseme neno umpate wapi? Bi Birika akauliza. Wangekuwa wanapatikana, mimi ningekubadilisha wewe.

Mkasi akacheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Alipojipangusa akaja na lake.

— Nyie hamjui. Tatizo liko kwenye kompyuta. Kompyuta inazoea vidole. Mwenyewe akiondoka, inanuna. Mashine yangu ya kunyolea niliachiwa na marehemu mjomba. Mpaka leo haijanikubali.

— Haijakukubali kwa sababu huitii mafuta. Yule mteja wako wa jana alitoka humo kama aliyepigana na paka.

— Bi Birika, hayo ni mambo ya kiufundi, huwezi kuyaelewa.

— Ngojeni niwape ukweli, Jaji akasema, akainamisha kichwa na kushusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali. Ni ile kampuni kubwa ya mtaa wa pili. Wamefunga chombo juu ya paa. Nimekiona kwa macho yangu, kinazunguka. Mteja akipiga simu hapa, chombo kinamvuta kule. Simu si inapita hewani? Sasa hewani kuna mlinzi gani?

— Hicho si cha kutoa moshi wa jikoni? Bi Birika akauliza.

— Ndivyo wanavyotaka mfikiri! Na hakivuti simu peke yake. Kinavuta mpaka mawazo. Mtu anatoka kwake anawaza, leo naenda kwa Mama Tangazo. Akifika kona, anajikuta ameshageuka. Mwulizeni kwa nini amegeuka, hajui.

Safari alijikuta anacheka. Kicheko kilimtoka kidogo tu, puani, na mara hiyo hiyo akawaza kwamba jioni atampigia mkewe amsimulie habari ya chombo cha Jaji. Mkono ulishafika mfukoni penye simu. Akautoa polepole, akaurudisha kwenye kikombe.

Wenzake waliona. Mkasi akaanza kuchunguza kucha zake. Safari alijua kwamba maneno yote haya ya kompyuta zinazonuna yalikuwa yanapigwa kwa ajili yake, kwamba watu hawa wazima walikuwa wanajitia wehu ili yeye asikae na kimya. Akaona naye atoe lake.

— Juzi nilipanda, alisema.

Wote wakamgeukia.

— Nikakaa kwenye kile kiti chake. Vijana wakanisalimia, wakaniletea chai, wakarudi kwenye kazi zao. Mimi nikawa nimekaa kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake. Mara simu ya mezani ikalia. Wale watatu wakaangaliana, hakuna aliyeinuka. Nikapokea mimi. Mtu wa upande wa pili akanyamaza. Namsikia anapumua tu. Mwisho akasema, “Samahani, kaka. Najua hayupo. Nimezoea tu kupiga.” Akakata.

— Ukasema nini? Bi Birika aliuliza taratibu.

— Ningesema nini? Mimi naweza kurudisha lori nyuma kwenye daraja jembamba gizani, lakini pale sikuwa na neno. Nikamaliza chai, nikashuka.

Bi Birika akaimwaga ile kahawa iliyopoa, akamjazia nyingine.

Ndipo viatu vikasikika ngazini. Mwenye duka la viatu alikuwa anateremka, ameshika ukuta, kitambaa kikiwa machoni. Ni mwanamke mrefu, mchangamfu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiitana shoga na Mama Tangazo mbele ya watu. Alipofika chini akasimama mbele ya Safari.

— Shemeji, kazi ni nzuri, alisema. Sitaki useme sikuipenda.

— Sijasema kitu, shemeji.

— Ni nzuri. Rangi nzuri, maneno mazuri. Lakini nikiitazama, namtafuta yeye. Naona hapa angeweka mzaha, pale angenitania. Nimeitazama tena, nikamkosa tena. Acha nipumzike kwanza na mambo ya matangazo, shemeji. Usinielewe vibaya.

— Nimekuelewa.

Alimshika Safari bega, akalibana, akaenda zake bila kunywa kahawa aliyomiminiwa.

— Kupumzika, Mkasi akanong'ona. Si kuacha. Ana maana ya...

— Nyamaza, Bi Birika akamwambia.

Haukupita muda, mchoraji naye akateremka. Ndiye mkubwa wa wale watatu na ndiye wa kwanza kuajiriwa. Mwanamke mpole, mama wa watoto wawili, ambaye siku ya mazishi alisimama na wanawe nyuma ya watu wote mpaka Safari mwenyewe akaenda kumvuta mbele, penye familia.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Hakukaa.

— Amekuambia?

— Amesema ni nzuri.

— Hata sisi alituambia hivyo. Halafu akatuuliza kama tuna nyingine. Baba, tulikuwa watatu mbele yake, na hakuna aliyejua amjibu nini. Mama angemwambia, “Shoga, hujaipenda, sema hujaipenda,” wangeanza upya pale pale huku wanacheka. Sisi tulisema asante.

Alijipangusa macho kwa kiganja, akaendelea.

— Alikuwa ameanza kunifundisha. Tunakwenda kwa mteja, yeye anavuta kiti pembeni, ananiambia, “Leo utaongea wewe.” Mimi natetemeka mpaka karatasi zinalia mkononi. Tukitoka, ananionyesha nilipoharibu, hanionei. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuacha kutetemeka. Basi akalazwa.

Safari alitikisa kichwa. Habari hiyo hakuwahi kuisikia. Katika simu zote zile, mkewe hakumwambia kwamba alikuwa anamwandaa mtu wa kushika nafasi yake.

— Baba, ile kampuni ya mtaa wa pili wametuita, mchoraji akaendelea. Wote watatu, tukae pamoja, tusitenganishwe. Wanataka jibu leo. Lakini wenzangu wamesema hatutajibu kitu mpaka nije kwako. Ukisema tubaki, tutabaki. Hatutaki uone kwamba tumemkimbia mama.

Jaji, aliyekuwa ameishitaki kampuni hiyo muda mfupi uliopita, alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Neno lililomjia Safari kwanza lilikuwa “subirini”. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Wasubiri, chumba kisifungwe, pawe bado na mahali duniani ambapo mtu akipanda ngazi atakuta vitu vyake: shali yake nyuma ya kiti, miwani yake ya kusomea, kikombe chake chenye alama ya midomo. Lakini wasubiri nini? Wasubiri nani? Alimtazama mwanamke yule aliyesimama mbele yake amefumbata mikono, akaona kwamba angekubali kweli. Angebaki mle ndani na wenzake kumlindia yeye majonzi yake, huku wateja wakiwapungia mikono mmoja baada ya mwingine, na watoto wake nyumbani wakimtegemea.

— Nendeni, alisema.

— Baba...

— Nendeni, mwanangu. Mkae pamoja kama mlivyosema. Alichowafundisha kiko mikononi mwenu, hakikubaki kwenye chumba. Na huko mtakapofika msimpeleke mbele mtu mwingine akaongee. Uongee wewe.

Mchoraji alijifunika uso. Bi Birika akaacha birika lake, akamshika kiuno, akamwacha alie mpaka alipotosheka. Kisha mchoraji akatoa simu na kupiga pale pale, kama mtu anayemeza dawa kabla hajabadili mawazo.

— Ndiyo, alisema. Ndiyo, tutakuja. Wote. Asante.

Alikuwa bado ameishika simu mkononi wakati pikapu moja ndogo ilipopanda ukingo wa barabara na kusimama mbele ya benchi. Nyuma yake palikuwa na kitu kirefu, kipana, kimeviringishiwa blanketi na kufungwa kamba. Aliyeteremka ni mtu mfupi, suruali yake imejaa madoa ya rangi za kila namna. Hakuna aliyemfahamu.

— Habari zenu, wazee. Hapa ndipo kwa Mama Tangazo?

— Ndipo, Jaji alijibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

— Afadhali. Leo atanisema huyo mama! Aliniagiza bango tangu zamani, nikamwahidi na siku. Mara baba yangu akaugua, nikaenda kumwuguza huko mbali, nimerudi juzi tu. Nimempigia hapokei, nikasema huyu kashanikasirikia. Bora nilete kazi, kazi yenyewe itaniombea msamaha.

Huku anaongea alikuwa anafungua kamba. Blanketi likaanguka. Bango lilikuwa la bluu iliyokolea, herufi zake nyeupe, nene, zenye kivuli cha manjano, na lilikuwa refu mara nyingi kuliko lile dogo la zamani lililokuwa mlangoni ghorofani. Liliandikwa: TANGAZO NA WENZAKE.

Kijiwe kilisoma. Mkasi alisoma akitembeza midomo. Safari alisoma neno la mwisho, akalirudia.

— Fundi, Jaji alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Umekosea. Umeliruka neno Mama.

— Sikuliruka, mzee wangu. Mwenyewe alisema nilitoe. Tena nilimbishia. Nilimwambia, mama, hilo ndilo watu wanalokujulia, ukilitoa umejitoa mwenyewe. Akacheka. Akaniambia, “Ndiyo maana.”

Mchoraji alikuwa amesogea mpaka kwenye bango. Alinyoosha mkono, akaigusa ile herufi ya kwanza ya WENZAKE kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu kujua kama rangi imekauka. Simu ikawaka mkononi mwake, ujumbe umeingia. Hakuutazama.

— Aliniambia nisimwambie mtu, fundi akaendelea, akiwa ameshatoa nyundo na misumari. Alitaka vijana wake walikute limeshafungwa. Sasa naona huyu dada kashaliona, basi tena, mtanisaidia kumwomba radhi.

Alilinyanyua bango peke yake, akaliegemeza begani, akatazama juu, ngazini.

— Mama yupo? Aje anionyeshe pa kulifunga.

Mkasi alimtazama Jaji. Jaji alimtazama Bi Birika. Bi Birika alikuwa amegeukia ukuta.

Safari aliweka kikombe chini. Alisimama, akaenda akashika upande wa pili wa bango, kwa sababu lilikuwa zito na yule mtu alikuwa amelishika peke yake.